Kasuku wa kijivu nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unamhusu kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, yule anayesema. Maswali yanaanzia kwa mtu ambaye bado hajanunua na kuishia kwa aliyerithi ndege wa miaka thelathini. Jibu likihitaji jingine, namba ya swali imetajwa.

## Kabla hujamleta

1. Kasuku anayesema ni yupi hasa?

Ni kasuku wa kijivu wa Afrika: urefu kiasi cha sentimita 33, uzito gramu 400 hadi 550, mdomo mweusi, macho ya manjano akishakomaa. Kwao ni misitu ya Kongo, Kameruni, Gaboni na Uganda. Mashariki anafika hadi Kakamega nchini Kenya na misitu ya Kagera nchini Tanzania, kama Minziro. Si ndege wa pwani, na wale unaowaona Mombasa au Dar es Salaam waliletwa.

Ana nduguye mdogo, Timneh, wa Liberia, Sierra Leone na Kodivaa, mwenye mkia wa rangi ya damu ya mzee. Huyo naye husema vizuri. Kasuku wa kijani mwenye ukanda shingoni, anayeuzwa sana nchi za Ghuba, husema kwa sauti nyembamba na maneno yake ni machache zaidi. Kasuku wadogo wa Fischer, wa Serengeti na mikoa ya jirani, karibu hawasemi kabisa. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya.

2. Anaishi miaka mingapi, na ananidai muda gani kwa siku?

Akitunzwa vizuri, miaka 40 hadi 60. Mtu anayemnunua akiwa na miaka 35 ajue kwamba huenda ndege akamzika. Kila siku anahitaji saa tatu au nne nje ya tundu akiwa na watu, na saa 10 hadi 12 za usingizi gizani. Nyumba ambayo wote hutoka asubuhi na kurudi usiku haimfai, hata tundu liwe kubwa namna gani. Matatizo mengi yaliyoelezwa chini (hasa 18 na 19) huanzia hapo.

3. Je, sheria inaniruhusu?

Bila kibali, hapana. Mkutano wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ulimwingiza kasuku huyu kwenye Kiambatisho cha Kwanza, orodha yake kali kuliko zote, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya walionaswa porini imepigwa marufuku. Kenya, kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo, ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Tanzania inafuata Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Uganda wanaoulizwa ni UWA, mamlaka ya wanyamapori ya huko. Ulizia kibali kabla hujaulizia bei.

Sababu ya ukali huo si ndogo. Nchini Ghana, kasuku wa kijivu wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wawindaji huwanasa kwa ulimbo na nyavu, na wengi hufa kwa hofu, kiu na majeraha kabla hawajafika sokoni.

4. Nitajuaje kama alizaliwa kifungoni au alinaswa porini?

Anza na mguu. Kinda wa kifungoni huvishwa pete nzima isiyo na kiungo akiwa na wiki chache tu, kwa sababu baadaye haipiti tena. Pete yenye mwanya inaweza kufungwa wakati wowote, kwa hiyo haithibitishi lolote. Linganisha namba ya pete na iliyo kwenye karatasi.

Halafu tazama tabia. Aliyenaswa hujibanza kwenye kona na kunguruma kila mtu anapokaribia, na mara nyingi mabawa yake yamekatwa ovyo au yana mabaki ya ulimbo. Usijidanganye kwamba kumnunua ni kumwokoa: pesa yako ndiyo itakayomrudisha mwindaji msituni. Bei ya chini isiyo na karatasi ndiyo dalili kubwa kuliko zote.

5. Dume au jike, nani anasema zaidi?

Hakuna tofauti ya kutegemewa. Kwa macho ni vigumu hata kuwatofautisha. Jibu la uhakika linatoka kwenye kipimo cha vinasaba cha unyoya au tone la damu. Umri ni rahisi kidogo: kinda ana macho meusi, kisha yanakuwa ya kijivu, na hugeuka manjano kadiri anavyoelekea miaka miwili au mitatu. Anayekuuzia "kinda wa miezi minne" mwenye macho ya manjano, muage.

## Tundu na mahali pake

6. Tundu liwe la ukubwa gani na la chuma gani?

Upana usipungue sentimita 90, kina 60, kimo 120. Nafasi kati ya nondo na nondo iwe sentimita 2 hadi 2.5, ikizidi hapo anapenyeza kichwa na kunasa. Chuma cha pua ndicho bora, na chuma kilichopakwa rangi ya unga kwa joto kinafaa. Fundi wa mtaani atakutengenezea kwa bei nzuri, lakini mkataze vitu viwili: waya wa mabati na rangi ya mafuta yenye risasi. Kasuku hutafuna chuma siku nzima, na zinki au risasi ikijikusanya mwilini anaanza kutapika, kukojoa sana, kutetemeka, na mwisho anakufa.

Fito za kusimamia zisilingane unene. Weka za sentimita 2.5 hadi 4, zenye magome yake, ili nyayo zisipate vidonda. Mpera unafaa sana: ni mgumu, na ndege anapenda kuubambua. Fito laini za plastiki, zitupe.

7. Tundu liwekwe wapi?

Sebuleni, ubavu mmoja ukigusa ukuta, kimo cha macho yako. Katikati ya chumba anahisi hatari inakuja kutoka kila upande. Barazani ni pazuri mchana ukiwepo, ila usimwache huko peke yake: paka, kunguru na wezi wote wanamtaka.

Apate jua la asubuhi dakika 20 hadi 30, mara kadhaa kwa wiki, na kivuli cha kukimbilia kiwe humo humo tunduni. Jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiki, kwa sababu kioo huzuia ile miale inayomsaidia kutengeneza vitamini D, na bila hiyo hatumii kalsiamu anayokula (tazama 9).

8. Moshi wa mkaa, udi na dawa ya mbu vina madhara?

Vyote, na hapa nyumba za kwetu zinaua kasuku wengi bila mtu kujua. Mapafu ya ndege huchuja hewa kwa nguvu kuliko yetu, kwa hiyo moshi unaokukohoza wewe unamwangusha yeye. Kabla hujafukiza udi au ubani, mtoe ndege kwenye chumba kingine chenye dirisha wazi, na umrudishe harufu ikishaisha. Dawa ya mbu ya kuchoma na ya kupuliza zisitumike kwenye chumba anacholala. Mfunike kwa chandarua; kinatosha.

Hatari kubwa zaidi ni kikaango kisichoshika chakula. Kikisahaulika motoni kikapata joto kupita nyuzi 260 hivi, ule utando unatoa gesi isiyo na harufu inayoua kasuku kwa dakika chache, hata akiwa chumba cha pili. Ukiwa na kasuku, pika kwa sufuria ya kawaida. Hapa hakuna njia ya katikati.

## Chakula

9. Kwa nini mbegu za alizeti pekee hazitoshi? Anazipenda sana.

Ndiyo shida. Alizeti imejaa mafuta na karibu haina kalsiamu wala vitamini A. Kasuku wa kijivu ana udhaifu wake mwenyewe: kalsiamu ya damuni humshuka upesi kuliko kasuku wengine, na ikishuka mno anaanza kuyumba, kuanguka kutoka kwenye fito na kupata degedege. Ukosefu wa vitamini A unaonekana puani na mdomoni: pua zinaziba, na vijipu vyeupe vinatokea ndani ya mdomo.

Karanga nazo zina lao. Zikihifadhiwa kwenye unyevu huota ukungu, na sumu ya ukungu huo huharibu ini polepole. Ukimpa, ziwe zimekaangwa bila chumvi, mbili au tatu, kama zawadi ya mafunzo.

10. Basi ale nini kwa siku?

Nusu au zaidi ya chakula iwe peleti za kasuku wakubwa (chakula cha kiwandani cha punje zilizoshindiliwa), kama robo kikombe. Kiasi kama hicho cha mboga: sukuma wiki, karoti, boga, pilipili hoho, viazi vitamu vilivyochemshwa. Matunda kidogo, hasa embe na papai. Chikichi ni chakula chake cha asili porini na kina vitamini A nyingi. Ukilipata tunda bichi, mpe moja mara mbili kwa wiki. Pilipili kali hazimwashi, na atazila mbele ya wageni kwa furaha.

Kwenye miji ambako peleti hazipatikani, pika mchanganyiko wa mchele usiokobolewa, choroko zilizoota, mahindi na boga, uchanganye na sukuma wiki iliyokatwa. Mara moja kwa wiki ongeza yai lililochemshwa likasagwa pamoja na ganda lake. Kwa kalsiamu, funga tunduni mfupa wa dome, yule jamaa wa ngisi na pweza. Pwani unaokotwa ufukweni bure. Uoshe, uuchemshe na uuanike juani.

Chakula chenye maji kiondolewe baada ya saa mbili, hasa miji yenye joto. Maji ya kunywa yabadilishwe asubuhi na jioni, na kila mara anapoyageuza supu, jambo atakalolifanya.

11. Vitu gani asile kabisa?

Parachichi, lote: nyama, ganda na kokwa. Chokoleti, kahawa, chai, pombe, vitunguu, chumvi nyingi, maharage mabichi, muhogo mbichi na mbegu za tufaha. Chai ya maziwa na maandazi ndiyo kosa la kawaida, kwa sababu watoto humgawia kifungua kinywa chao. Ugali kidogo haumdhuru, ila haumjengi. Nyama ya kuku iliyoiva, kipande kama ncha ya kidole, ni sawa mara moja moja.

12. Anatupa mboga zote chini. Nifanyeje?

Usimlaze njaa kumkomesha. Ndege huyu anaweza kufa akikaa mbele ya bakuli la chakula asichokitambua. Asubuhi, kabla hajapewa kingine chochote, mwekee mboga kwa saa moja. Zikate ndogo na uzinyunyizie mbegu juu, au funga jani zima la sukuma wiki likining'inia lenye maji. Kula mboga hizo hizo mbele yake ukionyesha unazifurahia. Mpime uzito kila siku kwa mizani ya jikoni. Akipungua kwa asilimia 10, rudia chakula cha zamani na umwone daktari.

## Kusema

13. Ataanza kusema lini?

Miluzi na milio hutoka mapema, mara nyingi kabla ya mwaka. Maneno yanayosikika vizuri huja kati ya mwaka mmoja na miwili. Wapo wanaokusanya mamia ya maneno, na wapo wasiosema neno maisha yao yote. Usinunue kasuku ambaye hungempenda akiwa bubu.

14. Nimfundishe vipi?

Kuweka redio au kurudia neno kwenye simu hakufai. Mtafiti Irene Pepperberg, aliyemfundisha kasuku Alex nchini Marekani, alionyesha kwamba kasuku wa kijivu hawajifunzi maana ya maneno kwa kusikilizishwa kanda tu. Njia yake ilihitaji watu wawili, na nyumbani inafanyika hivi.

Kaeni mbele ya ndege. Mmoja ashike kitu anachokitamani ndege, tuseme karanga, yaani njugu, aulize: "Nini hii?" Wa pili ajibu "Njugu," na apewe aile. Mara nyingine ajibu vibaya makusudi, anyimwe, kitu kifichwe. Badilishaneni zamu. Kasuku hukasirika kuona mwingine anapata, na hapo ndipo anapojaribu. Akitoa sauti inayokaribia, mpe kile kile alichokitaja. Ukimpa kitu kingine kama zawadi, unamfundisha kwamba "njugu" ni jina la ndizi.

Dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku, zinatosha. Nje ya darasa, sema neno lile lile kila tendo linapofanyika: "Hodi" unapoingia, "Lala salama" unapofunika tundu, "Panda" anapokanyaga mkono. Lugha haijalishi, hata mkiongea tatu kwa wakati mmoja. Atazichanganya kama mnavyozichanganya ninyi.

15. Anaelewa anachosema?

Baadhi, ndiyo. Alex, aliyenunuliwa kwenye duka la wanyama Chicago mwaka 1977 na kufa mwaka 2007 akiwa na miaka 31, alitaja kiasi cha vitu 50, rangi saba na maumbo matano, na alihesabu hadi sita. Akiulizwa vitu viwili vinafanana kwa nini, alijibu "rangi" au "umbo", na visipofanana kwa lolote alisema "hakuna".

Huyo alifunzwa kila siku kwa miaka thelathini. Wa kwako atajua kwamba "Kwaheri" husemwa funguo zikilia na kwamba "Maji" huleta maji. Mengine atayasema kwa sababu yanakufanya ugeuke. Hilo nalo ni aina ya kuelewa.

16. Amejifunza matusi. Nitayafutaje?

Hayafutiki. Unachoweza ni kuyanyima soko: usicheke, usimkemee, usimtazame, toka chumbani kimya. Kicheko ni malipo makubwa kwake kuliko karanga. Mwaka 2020, bustani ya wanyama ya Lincolnshire nchini Uingereza iliwaondoa kasuku watano wa kijivu mbele ya wageni kwa sababu walikuwa wakitukana na kuchekeana. Wageni walicheka, na matusi yakaongezeka.

Neno linalofanana kwa sauti, likifundishwa kwa njia ya swali la 14, mara nyingine hulifunika lile baya. Na wageni wanaomchokoza aseme, waambieni mapema.

17. Anaiga mlio wa simu na kengele ya mlango siku nzima.

Kwa sababu vikilia mnakimbia. Badilisha mlio wa simu, na umjibu haraka anapotoa sauti unayoipenda. Kelele za alfajiri na magharibi ni za asili. Porini ndivyo kundi linavyoitana. Ziache zipite.

## Tabia na afya

18. Ananiuma. Ni mkali?

Mara nyingi anaogopa, au umepuuza onyo. Kabla ya kuuma, mboni za macho hupanuka na kusinyaa haraka, manyoya ya shingo husimama na mwili hukaza. Ukiona hivyo, simamisha mkono pale pale. Akishauma, usipige kelele (ni burudani) wala usimtikise. Mteremshe chini taratibu na umpuuze dakika chache. Ndege anayeuma tu akitakiwa kurudi tunduni anakwambia jambo lililoandikwa kwenye swali la 2.

19. Anajinyonyoa manyoya. Tiba ni nini?

Anza kwa daktari wa wanyama anayejua ndege, kwa sababu sababu za mwili lazima ziondolewe kwanza: ini, sumu ya chuma, maambukizi ya ngozi, lishe mbovu, na virusi vinavyoharibu manyoya na mdomo. Ishara rahisi ni kichwa. Kasuku hawezi kukifikia kichwa chake, kwa hiyo manyoya yakitoka hadi kichwani, ugonjwa ndio wa kushukiwa.

Vipimo vikiwa safi, tafuta upweke na kukosa kazi. Mpe vitu vya kuharibu kila siku: mabunzi ya mahindi, maboksi, vifuu vya nazi, matawi ya mpera yenye majani. Ficha chakula ndani yake ili akifanyie kazi. Mnyunyizie maji ya vuguvugu mara mbili au tatu kwa wiki, mchana, akauke kabla ya usiku. Usimpake mafuta ya nazi. Yanagandisha manyoya na kumzidishia mwasho. Manyoya huota tena kwa miezi, ila vinyweleo vikishaharibiwa kwa miaka, pale pabaki uchi.

20. Dalili gani haziwezi kungoja hadi kesho?

Ndege huficha ugonjwa hadi anashindwa. Akionekana mgonjwa, ameugua zamani. Akikaa chini ya tundu, akifutua manyoya mchana kutwa, mkia ukipanda na kushuka kila anapovuta pumzi, akitoa damu au kupata degedege, nenda siku hiyo hiyo. Njiani mtie kwenye boksi lenye giza na joto la nyuzi 28 hadi 30. Unyoya mchanga ukikatika na kuvuja damu, bana kwa wanga wa mahindi na kitambaa safi. Aliyeguswa na jino au ukucha wa paka anahitaji dawa ya bakteria hata kama hana jeraha la kuonekana.

21. Anaweza kutuambukiza?

Ndiyo, homa ya kasuku, inayosababishwa na bakteria aina ya klamidia waliomo kwenye vumbi la kinyesi. Kwa mtu huja kama mafua makali yenye kikohozi kikavu na kichwa kuuma. Mwambie daktari wako kwamba una ndege, maana hatakuuliza. Inatibika kwa dawa jamii ya tetrasaiklini, na ndege hutibiwa kwa siku 45. Lowesha karatasi za tundu kabla ya kuziondoa. Kasuku wa kijivu hutoa pia unga mwingi mweupe wa manyoya, kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa wa pumu isimchukue.

22. Nimkate mabawa?

Tunashauri usimkate. Ni mzito, na akikatwa sana huanguka kifudifudi na kupasua ngozi ya kidari. Aliyekatwa akiwa kinda kabla hajajifunza kuruka hubaki mwoga. Nyavu za madirishani zinatatua shida hiyo hiyo.

## Mambo ya nadra

23. Ametoroka. Nifanye nini sasa hivi?

Usimkimbize wala usimrushie mawe. Fuata kwa macho alipotua na umwite kwa maneno anayoyajua. Toa tundu nje likiwa wazi, na chakula akipendacho juu yake. Juu ya mti mrefu hajui kushuka. Mara nyingi hukaa hapo hadi njaa imlazimishe, kwa hiyo urudi alfajiri na jioni, saa anazoita mwenyewe. Waambie walinzi, bodaboda na watoto wa mtaa, na ahidi zawadi.

24. Yuko peke yake na ametaga yai.

Jike hutaga bila dume. Yai halina kitu. Mwachie hadi alichoke, maana ukiliondoa ataongeza jingine na kupoteza kalsiamu zaidi. Ongeza mfupa wa dome, punguza vyakula vya mafuta, ondoa boksi au kona yenye giza aliyoifanya kiota. Akijikamua kwa saa kadhaa bila yai kutoka, ni dharura (swali la 20).

25. Nahamia nje ya nchi. Naweza kwenda naye?

Utahitaji vibali viwili vya CITES, cha kutoka na cha kuingia, pamoja na cheti cha afya na mara nyingi karantini. Umoja wa Ulaya ulizuia ndege wa porini mwaka 2005 na kuifanya marufuku hiyo ya kudumu mwaka 2007, na Marekani ina sheria yake ya mwaka 1992. Anza miezi sita kabla. Bila ushahidi wa asili yake, usitarajie kibali, mtafutie nyumba.

26. Nimemrithi kwa mzazi, na hana karatasi.

Mripoti mwenyewe kwa mamlaka ya wanyamapori kabla hajaripotiwa na jirani. Peleka picha, namba ya pete kama ipo, na maelezo ya maandishi ya lini na wapi alipatikana. Usimwachie huru "arudi kwao": aliyelelewa ndani hajui kutafuta chakula wala kukwepa mwewe, na anaweza kuwapelekea wa porini maradhi.

Miezi ya kwanza mwache kwenye tundu lake lile lile, na fito zake na ratiba yake. Huenda akamwita marehemu kwa jina, tena kwa sauti ya marehemu. Waandaeni watoto, na mjibuni kwa kawaida.